Silaha za Sauli: kwa nini kompyuta ya zamani inakataa Linux iliyojengwa kwa mashine nyingine



Kwa kawaida ninawaandikia juu ya Neno. Leo nitaandika juu ya kompyuta, na nitaeleza sababu. Siku ya kwanza ya juma moja, mama mmoja aliyehamishwa na vita alifika kwenye ofisi yetu. Karatasi zake zote zilibaki njiani. Alikuwa anaomba kitu kimoja tu: nakala ya cheti cha ndoa yake, ile iliyofungwa mbele ya kanisa miaka mingi iliyopita. Rejista yetu ya karatasi ilikwisha kuharibiwa na maji ya mvua, lakini kabla ya hapo karani alikuwa ameiandika yote katika kompyuta. Basi nilimwambia kwa furaha: "Keti, mama, tutaitoa sasa hivi." Tukawasha mashine. Ikaonyesha mistari myeupe juu ya giza, ikasimama. Tukazima, tukawasha tena. Ikasimama pale pale. Nikamwambia mama arudi juma lijalo. Aliondoka bila kusema neno.

Kosa lilikuwa letu wenyewe. Kompyuta ile ni ya zamani, yenye prosesa ya aina ya Core 2 Duo na memori ya gigabaiti 2, zawadi kutoka kwa marafiki. Kijana mmoja wetu anayesoma mambo ya kompyuta alitaka kuipa uhai mpya kwa kuijengea Linux ya Gentoo. Kwa kuwa mimi nilimsukuma afanye haraka, alitoa disku, akaiunga kwenye laptopu yake mpya, akajenga kila kitu pale, halafu akairudisha disku mahali pake. Kwenye laptopu kila kitu kilitembea vizuri. Kwenye kompyuta ya kanisa, hakuna kilichotembea. Ninaandika yale tuliyojifunza, maana najua makanisa mengi ya upande wetu wa mashariki yanatumia mashine za zawadi zenye umri kama huo.

Kujenga kutoka chanzo maana yake nini?

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, na tangu hapo watu wengi duniani wameiendeleza. Programu yoyote huandikwa kwanza kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyasoma. Hayo ndiyo chanzo. Halafu programu nyingine, inayoitwa kompaila, hugeuza maneno hayo kuwa maagizo ambayo prosesa inayaelewa. Debian na Ubuntu wanakupa kazi hiyo ikiwa tayari, kama suti ya dukani. Gentoo inakupa kitambaa, na wewe mwenyewe unakuwa fundi cherehani. Kuna pia Linux From Scratch, iliyoanzishwa na Gerard Beekmans mwaka 1999, ambayo ni kitabu kinachokufundisha kujenga mfumo wote kwa mkono wako, hatua kwa hatua.

Faida ya fundi cherehani ni kwamba anapima mwili wako. Hatari yake ni hii: akipima mwili wa mtu mwingine, nguo haitakufaa wewe.

Ndivyo ilivyotupata. Katika Gentoo kuna faili inayoitwa /etc/portage/make.conf, na ndani yake kijana wetu aliandika -march=native. Neno hilo linamwambia kompaila: "Tazama mashine uliyo juu yake, tumia kila nguvu iliyo nayo." Kompaila ikatii. Lakini mashine iliyokuwa juu yake ilikuwa laptopu mpya, si kompyuta ya kanisa.

Prosesa hazijui maneno sawa

Prosesa za jamii moja zina lugha moja ya msingi, lakini kila kizazi kinaongeza maneno mapya. Pentium III ya mwaka 1999 ilileta maagizo yanayoitwa SSE. Pentium 4 ikaleta SSE2. Core 2 Duo ilitoka mwaka 2006 ikiwa inajua mpaka SSSE3. SSE4.2 ilikuja na kizazi kilichofuata, mwaka 2008. AVX ilikuja mwaka 2011, na AVX2 mwaka 2013. Kwa kawaida prosesa mpya inaelewa maneno ya wazee wake. Prosesa ya zamani haielewi maneno ya watoto wake. Ikikutana na neno moja isilolijua, haijaribu kukisia. Inasimamisha programu ile mara moja.

Mwaka 2020 wenye kutengeneza Linux walipanga ngazi nne za prosesa za biti 64: ya kwanza ni x86-64 yenyewe, halafu x86-64-v2, v3 na v4. Core 2 Duo iko ngazi ya kwanza. Kampuni ya Red Hat ilipotoa toleo la 9 la mfumo wake mwaka 2022, iliomba ngazi ya v2. Toleo la 10 la mwaka 2025 linaomba v3. Kwa hiyo mashine nzima, isiyo na ubovu wowote, inaweza kukataliwa kwa sababu ya umri tu. Debian ya biti 64 bado inakubali ngazi ya kwanza. Gentoo pia inakubali, ikiwa wewe unajenga kwa kipimo cha haki.

Hatua ya kwanza: okoa maandishi

Hapa ndipo nilipokosea zaidi mbele ya yule mama. Nilifikiri kompyuta imekufa. Kumbe mashine ilikuwa nzima, disku ilikuwa nzima, rejista ilikuwa nzima. Mfumo peke yake ndio uliokataa. Kama ningekuwa na kle ya USB yenye Debian ya aina inayotembea bila kuwekwa ndani ya disku, ningewasha mashine ile ile kwa kle, nikafungua disku, nikachapa cheti chake, naye angeondoka nacho siku ile ile.

Basi kabla ya kutengeneza lolote, washa kwa kle, nakili rejista na hesabu za kanisa mahali pengine, ndipo uanze kutafuta kosa. Kila ofisi ya kanisa iwe na kle kama hiyo ndani ya droo.

Hatua ya pili: soma kosa, usikisie

Mashine yetu ilionyesha maneno haya: "Kernel panic - not syncing: Attempted to kill init! exitcode=0x00000004". Tulitazama neno "panic" tukaogopa, hatukutazama mwisho wa mstari. Namba ile 4 ndiyo ilikuwa jibu. Katika Linux, ishara namba 4 inaitwa SIGILL, yaani prosesa imepewa agizo isilolijua. Kama ingekuwa 0x0000000b, hiyo ni 11, ishara ya programu iliyogusa memori isiyo yake, na uchunguzi ungeelekea njia nyingine.

Mfumo ukiwa umewaka lakini programu moja tu inakufa, utaona "Illegal instruction", na kwenye mashine zetu zilizowekwa kwa Kifaransa utaona "Instruction non permise". Andika amri dmesg, utafute mstari wenye maneno "invalid opcode". Mwishoni mwa mstari huo kunaandikwa jina la programu au maktaba iliyoleta agizo lile. Hapo unajua ni kipande gani cha kujengwa upya, bila kubomoa nyumba yote.

Hatua ya tatu: pima mashine yenyewe

Ukiwa umewasha kompyuta ya zamani kwa kle, andika lscpu. Tazama jina la prosesa, halafu orodha ndefu ya alama mbele ya neno "Flags". Ukiona lm, mashine ni ya biti 64. Tafuta sse2, ssse3, sse4_2, avx, avx2. Usishangae ukikosa sse3: Linux inaiandika kwa jina la pni. Kwetu tulikuta ssse3, lakini hakuna sse4_2 wala avx. Tulipofanya hivyo hivyo kwenye laptopu ya kijana, avx2 ilikuwapo. Ugomvi ukawa wazi mbele ya macho yetu.

Hatua ya nne: jenga upya kwa kipimo cha haki

Mtu angefikiri ni lazima kutengeneza juu ya kompyuta ya zamani. Haiwezekani, kwa sababu kompaila yenyewe iliyo ndani ya disku ilijengwa kwa maneno mapya. Ukiiita pale, nayo inakufa. Tulirudisha disku kwenye laptopu, tukaifungua, tukaingia ndani ya mfumo wake kwa amri ya chroot. Kabla ya hapo tumia lsblk kuhakikisha jina la disku, usije ukaandika juu ya disku ya mwenyeji.

Katika make.conf tuliondoa -march=native, tukaweka -march=x86-64. Tungeweza kuandika -march=core2, ambayo ingetumia nguvu zaidi kidogo ya prosesa yetu. Lakini kwa ofisi ya kanisa, ambapo kesho disku inaweza kuhamia mashine nyingine ya zawadi, kipimo kinachofaa wote ni bora. Tuliondoa pia mstari wa CPU_FLAGS_X86, kwa kuwa nao uliandikwa kwa kupima laptopu. Halafu tukajenga upya kwanza gcc na glibc, yaani kompaila na maktaba ya msingi, ndipo tukaamuru emerge --emptytree @world, inayojenga upya kila kitu. Ukijenga vipande vichache tu, utabaki na mchanganyiko, na kosa litarudi siku usiyoitazamia.

Tulirudisha disku tukiwa na furaha. Mashine ikasimama tena, na namba ile ile 4.

Tulikuwa tumesahau kitu kimoja. Kabla mfumo haujaamka, kerneli hufungua kifurushi kidogo kinachoitwa initramfs, chenye programu chache za kutafuta disku. Programu hizo zilinakiliwa kutoka mfumo wa zamani, ule wenye maneno mapya. Tulikuwa tumefua nguo zote isipokuwa ile tuliyoivaa. Tukaingia tena kwa chroot, tukatengeneza kifurushi upya kwa amri ya dracut pamoja na --force, --no-hostonly, na --kver ikifuatwa na namba ya kerneli, ambayo unaiona ndani ya /lib/modules. Neno --no-hostonly ni la lazima hapa, la sivyo dracut inaweza kuchukua madereva ya laptopu peke yake. Na --kver ni ya lazima, kwa kuwa bila hiyo itachukua namba ya kerneli inayotembea kwenye laptopu.

Kumbuka pia kwamba kerneli haifuati make.conf. Aina ya prosesa yake inachaguliwa katika mpangilio wake yenyewe, na pale nako chagua ile ya jumla.

Magonjwa mengine yanayofanana na hilo

Si kila mashine ya zamani inayokataa ina ugonjwa wa SIGILL. Nitataja manne ambayo yanapatikana sana.

Kazi ya kujenga ikikatika mahali tofauti kila mara, leo kwenye programu hii, kesho kwenye nyingine, shuku memori au joto. Pima memori kwa Memtest86+ usiku mzima, na usafishe vumbi kwenye feni. Vumbi la barabara zetu linajaza feni kuliko tunavyofikiri. Kazi ikikatika mahali pale pale kila mara, shuku programu, si mashine.

Ukiona neno "Killed" karibu na cc1plus, memori imekwisha. Kila kazi moja ya kompaila inaweza kuomba gigabaiti 2. Kwa mashine kama yetu, andika MAKEOPTS="-j1" katika make.conf, na uongeze nafasi ya swap kwenye disku.

Ukiona "Clock skew detected", au mashine inakataa kupakua chochote ikisema vyeti vya usalama havifai, tazama tarehe. Batri ndogo ya duara iliyo ndani, CR2032, ikifa, kila umeme unapokatika saa inarudi miaka ya nyuma. Badilisha batri, rekebisha tarehe. Watu wengi wamefuta mfumo mzima kwa sababu ya batri hiyo ndogo.

La nne ni umeme kukatika katikati ya kazi. Ukiwasha tena, acha fsck ikague disku, halafu andika emerge --resume. Itaendelea na orodha pale ilipofika, ingawa programu iliyokuwa inajengwa wakati ule itaanza upya.

Je, kila kanisa lijenge kutoka chanzo?

Nitajibu kwa unyofu: hapana. Ofisi inayoandika barua, rejista na hesabu, yenye mashine ya biti 64, iweke Debian ikiwa tayari. Inatosha. Kujenga kunakula umeme wa jua au mafuta ya jenereta, na kunakula mega za intaneti zinazonunuliwa kwa sadaka za watu.

Anayetaka kubaki na Gentoo, ajue kwamba tangu Desemba 2023 Gentoo yenyewe inatoa pia vifurushi vilivyokwisha kujengwa. Kwa prosesa za biti 64 viko vya namna mbili: vya x86-64 na vya x86-64-v3. Kwa Core 2 Duo chagua vya kwanza tu. Ukichukua vya v3 utarudi kwenye SIGILL ile ile. Programu kubwa kama kivinjari cha intaneti na LibreOffice zichukuliwe hivyo, kwa neno --getbinpkg, usipoteze siku nzima kuzijenga.

Wenye mashine za biti 32 njia yao ni nyembamba zaidi. Debian 13, iliyotoka mwaka 2025, haina tena njia ya kuiweka kwenye mashine hizo. Gentoo bado inatoa msingi wa i486 na i686. Lakini mashine isiyo na SSE2, kama Pentium III, haiwezi kutumia Firefox ya sasa hata ukiwa na subira ya Ayubu. Mashine ya namna hiyo inaweza kuandika barua na kutunza orodha. Tusiidai zaidi.

Neno kwa sisi wenyewe

Mnakumbuka Daudi alipokwenda kupigana na Goliathi. Sauli alimvika silaha zake mwenyewe, kofia ya shaba na deraya. Zilikuwa silaha nzuri za mfalme, na hakuna anayeandika kwamba zilikuwa na kasoro. Lakini Daudi alijaribu kutembea akashindwa, akazivua, maana hakuzizoea. Akachukua vile alivyovijua. Sauli hakuwa na nia mbaya. Alipima kwa mwili wake mwenyewe tu.

Nilifikiri sana juu ya habari hiyo nilipokuwa nimekaa karibu na laptopu ile, nikitazama mistari ikipita. Mara ngapi sisi wachungaji tumechukua mpango uliojengwa mahali pengine, kwa watu wenye nguvu nyingine, tukauweka juu ya kanisa dogo la kijijini, halafu kanisa liliposimama tukasema waamini ni wavivu? Pengine hawakuwa wavivu. Pengine hatukuwapima. Na mzee wa kanisa asiyejua maneno mapya ya vijana si mtu wa kutupwa, bado ana kazi anayoiweza vizuri kuliko wote, ikiwa tutasema naye kwa maneno anayoyajua.

Mashine yetu iliamka siku ya tano. Karani alichapa cheti, mimi nikatia sahihi na muhuri. Yule mama aliporudi alikipokea kwa mikono miwili, akakikunja polepole, akakifunga katika pembe ya kitenge chake. Nilimwomba msamaha kwa juma alilosubiri bure. Akasema: "Mchungaji, mimi nimezoea kusubiri." Jibu hilo limenikaa moyoni kuliko namba zote za makosa. Watu wetu wamezoea kusubiri, lakini isiwe kwa uzembe wa ofisi zetu.

Basi juma hili, ndugu makarani na wachungaji, fanyeni mambo mawili kabla hamjafanya lingine: tengenezeni nakala ya rejista zenu, na wekeni kle moja ya kuwashia katika droo. Bwana awape subira na akili katika kazi ndogo kama katika kubwa. Amina.